Karani wa Mvua na Mfereji Wetu

Alikuwa akitembea macho yakiwa mlimani, miguu ikijitafutia njia yenyewe. Kwa hiyo alijikwaa. Kati ya nyumba yake na baraza ya Akheri palikuwa na mzizi mmoja uliokatiza njia, na sisi wanawake tuliokuwa tukipita na ndoo tulishazoea: saa tatu kasorobo asubuhi Karani wa Mvua atafika pale, atajikwaa, atasema "Ala!", atageuka kuutazama mzizi kwa hasira kana kwamba umewekwa jana, kisha ataendelea na safari, macho kulekule juu. Ningekuwa mimi ningeleta shoka. Yeye alijikwaa miaka yote niliyomfahamu.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sitasema. Wenye kutaka hayo wapo wazee wa kuulizwa. Mimi nilimjua kwa ujirani na kwa udadisi wangu, maana tangu nilipoolewa Akheri sikuweza kumwona mtu yule akifanya jambo bila kutaka kujua kwa nini analifanya. Mume wangu alikuwa fundi mwashi mjini Arusha, anarudi Jumamosi, anaondoka Jumapili baada ya kanisa. Nyumbani tulibaki mimi, mtoto wangu Elisa, na mama mkwe wangu, mjane mwenye ulimi. Jioni zetu zilihitaji mtu wa kumsema, na Karani alitutosha.

Kazi zake zilikuwa mbili. Kila asubuhi saa tatu alipima mvua iliyoingia kwenye mkebe wa shaba uliofukiwa nusu nyuma ya baraza. Hiyo ilikuwa kazi ya kimya. Ya pili ilikuwa ya sauti: kuzisoma karatasi za Boma.

Enzi hizo za Mwingereza, habari za mvua kubwa zilitoka Nairobi kwa simu ya waya hadi Arusha mjini. Wazungu wenye mashamba ya kahawa walipigiwa simu, wakajua palepale. Sisi tuliletewa karatasi na tarishi wa baiskeli, na kupanda Akheri kwa baiskeli si mchezo. Tarishi alifika ulimi nje, shati limeganda mgongoni. Karani aliipokea karatasi, akagonga kipande cha reli kilichoning'inia barazani, tukakusanyika. Aliisoma kwa Kiswahili neno kwa neno. Halafu aliikunja. Akishaikunja ndipo alipotueleza kwa Kimeru, na tulijua kwamba sasa anasema yake.

"Ya karatasi ni ya karatasi," alituambia. "Yangu nitayasema nikishaikunja. Msije mkachanganya."

Mwishowe aliikunjua tena na kuipigilia ubaoni nje, kando ya matangazo ya kodi na ya kuogesha ng'ombe. Wasomaji tulikuwa wachache, na hao wachache wakishasikia hawakujisumbua kwenda kuisoma. Mimi nilikuwa naenda. Nilisoma misheni miaka minne, na herufi zilizopigwa kwa mashine nilizipenda kama wengine wanavyopenda sukari.

Karatasi zilikuwa za aina mbili, na hapa ndipo alipotutoa jasho. Ipo iliyoitwa Tahadhari, wino mweusi mtupu. Ipo iliyoitwa Onyo, yenye mstari mwekundu chini ya kichwa chake. Watu walizichanganya. Karatasi ni karatasi, muhuri ni muhuri, na kitu chenye muhuri wa Boma kwetu kilikuwa amri au kodi.

"Sikilizeni," Karani alisema siku moja, tayari amechoka. "Tahadhari ni jirani anayekwambia ng'ombe wake ni mkali. Unafanyaje?"

"Unaangalia unapopita," mtu akajibu.

"Vema. Onyo ni jirani anayekwambia ng'ombe amekata kamba. Unafanyaje?"

"Unakimbia!"

"Sasa mbona wiki iliyopita nilisoma Onyo, mkaenda kunywa pombe ya ndizi?"

Tukacheka, naye hakucheka. Alikuwa na maswali yake manne, na ole wako uondoke barazani bila kuyajibu. Mvua hiyo ni ya wapi? Ya lini? Ya kiasi gani? Na la nne, alilolipenda kuliko yote: wewe uko wapi? Watu walijibu matatu ya kwanza vizuri kama katekisimu, la nne likawashinda. Karatasi inasema miteremko ya kusini ya Meru, mtu anatikisa kichwa, "Hiyo si sisi, ni watu wa kusini huko." Basi Karani alimshika mabega, akamgeuza mpaka mlima ukawa mgongoni kwake sawasawa. "Haya. Jua linatoka mkono gani? Kushoto. Sasa uso wako unatazama wapi?" Nilimwona mzee wa kanisa akigeuzwa hivyo mbele ya wakwe zake, akatii.

Waliomtupia methali ya dalili ya mvua ni mawingu, aliwajibu, "Mawingu ya nani? Ya kwako au ya aliye juu yako?" Maana sisi tuliketi chini ya mlima. Mvua ingeweza kumwagika kule msituni, sisi huku tumeanika mahindi juani, na mto ukatufikia umeshakasirika. Jambo hilo alilirudia hadi wanawake wakawa wanamwigiza kisimani.

Nami nilimjaribu. Ulikuwa mwaka wa ukame, migomba imekunja majani, na kila asubuhi aliinama kwenye mkebe, akainuka, akaandika sifuri. Nikajiuliza, je, mkebe ukiwa na maji nyasi zikiwa kavu, ataandika nini? Nikapita mapema, nikamimina kikombe kimoja, nikajibanza na ndoo yangu. Akaja, akajikwaa, akafika. Akatazama ndani. Akatazama nyasi. Akashika udongo, akauvunja kwa vidole. Kisha, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mvua iliyonyesha ndani ya mkebe peke yake si mvua, mama Elisa." Akaandika sifuri. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakunishtaki, wala hakulitaja tena, ila tangu siku ile alianza kunijibu maswali yangu kama mtu mzima.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mbishi, na chai yake aliipima kwa kijiko hata mbele ya wageni. Mwavuli hakuwa nao. Yeye aliyetuambia mvua inakuja lini, ilimkuta njiani kila mara, akafika baraza akitiririka maji na kudai kwamba karatasi ilisema saa nane na sasa ni saba na nusu. Radi aliiogopa vibaya mno. Ikipiga alivua saa yake ya mkononi, akaitupa mbali, akakaa sakafuni katikati ya chumba mikono juu ya kichwa, na ikipita alitoka akiwa na heshima zake zote.

Na mkewe! Mkewe hakumwamini hata kidogo. Siku ya Onyo, wakati sisi tunaingiza mahindi ndani, yeye alikuwa anatoa ya kwake nje. Ukimuuliza anakwambia, "Huko barazani ni karani. Hapa ni baba watoto." Mara nyingi mahindi yake yalilowa. Mara nyingine hayakulowa, na siku hizo Karani alipata taabu kuliko siku za gharika.

Kuna waliomwogopa pia. Mvua ya mawe ilipopiga migomba ya upande wa juu, walikuja watu watatu kumdai mbuzi. Wewe ndiye uliyetangaza, walisema, basi wewe ndiye uliyeileta. Kwetu mtu anayesema mvua itakuja siku fulani, ikaja, hawezi kuwa na mikono mitupu. Karani aliwakaribisha, akawapa kigoda. "Ningekuwa naileta mimi," akasema, "ningeanza na shamba langu. Nendeni mkalione." Wakaenda. Mibuni yake ilikuwa njano kuliko ya mtu yeyote. Wakarudi wakamwomba radhi, na mmoja akamletea mbolea ya zizini.

Kwa nini mibuni ya Karani ilikuwa njano? Hilo ndilo jambo lenyewe, na ili ulielewe lazima nikueleze mfereji.

Mfereji wetu ulichimbwa na mababu. Ulianza mtoni, kwenye banio, pale maji yanapozibwa kwa mawe na vigogo vya migomba ili yageuke, ukashuka ukipita shamba kwa shamba, na nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa yetu, chini ya mteremko. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Siku yako ikifika, maji ni yako, na siku hiyo banio ni lako pia: wewe ndiye wa kulifungua na kulifunga. Sheria ilikuwa moja, ngumu: zamu iliyopita imepita. Uwe umefiwa, uwe umelala, hairudi, unangoja tena siku tisa.

Sasa sikia tulichofanya wenyewe kwa akili zetu. Katika ukame ule ule Karani alisoma Onyo: mvua nyingi mlimani, mito itajaa. Jamani, tulishangilia! Mto utajaa! Mwenye zamu, mzee mmoja wa juu yetu, alichukua jembe akakimbia banioni, akaondoa mawe yote, akapanua mdomo wa mfereji mara mbili ili maji yatakapokuja yasimpite. Na sisi tukaenda kumsaidia, tunaimba. Maji yakaja kweli. Yalimchukulia mibuni, zizi na mbuzi wawili, sisi wa chini yakatuachia matope hadi magotini.

Karani alikuja akasimama kwenye matope yale. "Nilisoma nini mimi?" aliuliza.

"Ulisoma kwamba mto utajaa," mzee akasema.

"Basi?"

"Basi nikafungua, Karani. Wewe ungekuwa na kiu ungefanyaje?"

Nadhani swali lile ndilo lililomnyima Karani usingizi miaka iliyofuata. Alikuwa amesoma sawasawa, hakuna neno lililopotea, na mtu amepoteza mibuni yake kwa kusikia vizuri.

Akaenda kwa wazee wa mfereji. Ombi lake lilikuwa fupi: siku ya Onyo banio lifungwe, na mwenye zamu aliyefunga arudishiwe siku yake. Mkuu wa mfereji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mfereji huu ulikuwepo kabla ya Boma. Karatasi haikushika jembe." Akaenda mara ya pili, akajibiwa hivyohivyo. Mara ya tatu hawakumpa kigoda.

Basi akafanya jambo ambalo mkewe hakumsamehe. Onyo likija, alikwenda kwa mwenye zamu na kumwambia, "Funga leo. Ya kwangu nitakupa." Zamu yake mwenyewe! Mara ya kwanza ilikuwa ya mwalimu wa shule. Mwalimu alifunga, mvua ikageukia upande wa magharibi kwa wafugaji, mto wetu haukupanda hata shubiri, na Karani akatoa zamu yake. Mara ya pili ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Lazima uelewe zamu ile kwake ilikuwa nini. Tangu baba mkwe afe, shemeji zake walikuwa wakisema mjane hawezi kusimamia banio, heri zamu igawanywe. Hakukosa hata siku moja. Alikwenda akiwa na homa, alikwenda siku ya maziko ya dada yake. "Nikiiacha mara moja watasema nimeshindwa," aliniambia. Kiwanja chetu cha chini, chenye maharage, kilikuwa hakipati maji mengine yoyote, na maharage yale ndiyo tuliyokula.

Kwa hiyo Karani alipokuja na maneno yake ya funga leo, alimkuta amekaa mlangoni na jembe mapajani.

"Shikamoo, shemeji," mama mkwe akasema, ingawa walikuwa marika. Ilikuwa dharau ya kirafiki. "Umekuja kuninyang'anya maji?"

"Nimekuja kukupa ya Jumatano."

"Na mkeo atasema nini?"

"Mke wangu nitamwona mimi."

Akafunga. Mvua haikuja mara ile pia. Zamu alipewa, maharage yakapona, na mibuni ya Karani ikazidi kuwa njano. Watu walicheka, walisema Karani anamwagilia mashamba ya wenzake kwa karatasi za Boma. Mama mkwe hakucheka. Alipeleka kibuyu cha loshoro, mahindi ya maziwa ya mgando, nyumbani kwa Karani, mkewe akakirudisha kitupu bila neno, na siku chache baadaye mwanamke yule akaenda mwenyewe kwa mkuu wa mfereji akasema zamu ni ya nyumba, si ya baba watoto peke yake, na ya kwake haitatolewa tena. Wazee wakamkubalia. Karani akabaki hana cha kutoa.

Ndivyo mambo yalivyokuwa ilipofika mara ya tatu, Alhamisi moja, na siku hiyo zamu ilikuwa tena ya mama mkwe, kuanzia saa sita mchana.

Maharage yalikuwa yametoa maua. Siku tisa nyingine bila maji, ingekuwa basi. Ndani nyumbani Elisa alikuwa amelala na surua, macho hayafunguki, hawezi kubebwa nje kwenye jua. Reli ikalia. Nilimwacha mtoto na binti wa jirani, nikamfuata mama mkwe barazani. Jua lilikuwa kali. Tulipopita kando ya shamba la mzungu niliona kahawa yake imeanikwa wazi kwenye vichanja, vibarua wamekaa kivulini, na maturubai yamekunjwa. Nilishangaa kidogo, kwa kuwa kwa kawaida wale walipigiwa simu kabla yetu, na Onyo likitoka tuliwakuta wanafunika mbio. Sikulifikiria zaidi.

Karani alisimama na karatasi. Alisoma, "Onyo." Akasoma miteremko ya kusini, mchana huu hadi usiku, mvua kubwa, mito kujaa ghafla. Alisoma haraka kuliko siku zote, na hakumtazama mama mkwe. Watu waliguna. Mkuu wa mfereji alisema kwa sauti ya kusikika, "Hii ni ya tatu. Mbili za kwanza mvua yake tuliinywa wapi?" Wakacheka, wakatawanyika.

Karani akaikunja karatasi, akafungua mdomo ili atoe maneno yake ya Kimeru, akaufumba. Akaipigilia ubaoni, akaingia ndani ya baraza. Mama mkwe alianza kuondoka. Mimi nilibaki nyuma kidogo pale ubaoni kama kawaida yangu, kisha nikamkimbilia, tukazungumza njiani maneno machache, naye akageuka akashika njia ya kupanda mtoni.

Tulifunga banio sisi wawili. Tulikata migomba, tukabingirisha mawe, tukashindilia udongo kwa miguu. Waliopita walituuliza kama tumepewa zamu ya nani safari hii. Mama mkwe aliwaambia hajapewa ya mtu, amefunga ya kwake. "Na maharage?" wakauliza. "Maharage ni yangu pia," akasema. Nilimwona akijifuta uso kwa kiganja chenye matope, nikajua halikuwa jasho tupu.

Saa tisa jua lilikuwa bado linawaka. Nilikuwa nimekaa na Elisa niliposikia mlima unanguruma, sauti ya chini, ndefu, haikatiki. Tukatoka nje. Mto ulikuja wa rangi ya kahawia, umebeba miti mizima na mawe yanayogongana, na hata tone moja halijatudondokea kichwani. Ulifika banioni kwetu, ukapiga, ukapanda, nasi tunatazama kwa mbali mikono vinywani. Banio likashika. Maji yakapita na njia ya mto. Upande wa pili, kwenye mfereji wa majirani ambao hawakufunga, yaliingia kama yalivyoalikwa, yakakata mashamba mawili, yakaondoka na jiko la mtu pamoja na sufuria zilizokuwa motoni. Mtu hakufa. Lakini mimi nilisimama nikiipima kwa macho njia ya mfereji wetu kutoka banioni hadi kwenye ukuta wa chumba alicholala mwanangu, kisha nikaingia ndani nikaketi kando yake.

Wiki ile ile wazee wa mfereji walikutana. Mkuu alisema kwa kifupi, kama mtu anayetema mfupa, kwamba kuanzia sasa anayefunga kwa Onyo anarudishiwa zamu yake. Wa kwanza kufaidi alikuwa mama mkwe. Maharage yalipata maji siku ya pili yake, na shemeji zake hawakuzungumzia tena ugawaji.

Tulitegemea Karani atembee kifua mbele. Badala yake, kabla mwezi haujaisha, alirudisha funguo za baraza akasema amechoka kusoma. Watu walisema amepumzika kwa heshima, amepata alichotaka. Akaletwa kijana mwingine aliyesoma vizuri tu. Jambo moja lilinishangaza: tangu siku hiyo Karani hakupita tena kwetu. Alikwenda kanisani kwa njia ya juu, inayozunguka. Mama mkwe kila mavuno alimwekea debe la maharage, akatuma aitwe, akaletewa majibu kwamba Karani hajisikii vizuri. "Nimemkosea nini?" aliniuliza, tena si mara moja. Baadaye Karani akahamia kwa binti yake upande wa Sombetini, na debe likawa linaliwa na sisi.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado iko Boma, ingawa watu walishaanza kuhesabu siku zake. Nilikuwa nimekwenda hospitali mjini kwa ajili ya jino, na kwenye benchi la barazani nikamwona amekaa wima, mikono juu ya fimbo, macho yana ukungu mweupe.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Sauti naijua, uso siuoni."

"Mama Elisa. Wa mwisho wa mfereji."

"Nilisikia msiba wa mama mkwe wako," akasema. "Sikuja kuzika."

"Tuliona, Karani."

"Elisa?"

"Yuko darasa la saba."

"Alhamisi ile," akasema, bila kuuliza kama naikumbuka, "karatasi haikuwa Onyo. Ilikuwa Tahadhari. Huenda, ilisema. Huenda. Nami nikawasomea Onyo." Alikuwa anagonga sakafu kwa fimbo. "Sikuwa na zamu ya kumpa. Kwa Tahadhari asingefunga, nilimjua. Na mtoto alikuwa mgonjwa pale chini."

"Uliona nini mlimani, Karani?"

"Hapo ndipo penye aibu. Sikuona kitu! Wingu limekaa juu ya msitu, nimeliona mara mia likaondoka. Niliogopa tu. Kama mvua isingekuja, ningekuwa nimemnyang'anya mjane maharage yake kwa uongo. Ikaja, watu wakanisifu, nikashindwa kuishika karatasi tena. Mkono haukutaka. Na yeye nilishindwa kumtazama, mwanamke aliyenipa imani yake nikamdanganya."

Nikamshika mkono. "Karani, karatasi uliipigilia mwenyewe ubaoni. Tahadhari, wino mweusi, hakuna mstari. Mimi niliisoma."

Akageuza uso.

"Nikamkimbilia mama mkwe njiani, nikamwambia, mama, Karani amesoma Onyo lakini ubaoni ni Tahadhari. Akasimama. Akaniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Akafikiri. Halafu akasema, 'Mtu huyu miaka yote hajatuongezea neno hata moja. Leo ameongeza. Basi twende tukafunge.'"

Watu walipita mbele yetu na vyeti vyao vya dawa.

"Alisema hivyo kabla ya kufunga," akauliza polepole, "au baada ya kuona maji?"

"Kabla, Karani. Jembe likiwa begani."

"Na hakuniambia."

"Alijua unajua. Alikuwa anakuita ule maharage."

Alitikisa kichwa, akatikisa tena. Machozi yalishuka kwenye mikunjo ya uso wake naye hakuyafuta. "Na mimi nikawa napita njia ya juu," akasema.

Mimi pia nilikuwa na mdomo miaka yote ile, na nyumba ya binti yake naijua, nisiende kumwambia. Muuguzi akatoka mlangoni akaita jina lake, akaliita mara ya pili. Nikamwinua, nikampa fimbo yake, tukaingia ndani.